Nguzo Isiyokuwepo

Bega langu la kushoto ndilo lililokuwa fimbo ya mume wangu. Tangu presha ya macho ilipomnyang'anya nuru, kila asubuhi aliweka mkono wake pale, nami nikatangulia, tukakata vichochoro vya Manzese hadi karakana ya vinyago anakopiga msasa kazi za wachongaji wenzake. Kanga zangu zote zimechakaa upande huo mmoja. Njiani nilimwambia kila kitu: hapa mtaro, hapa inama, hapa yule mama wa mihogo leo kanuna, sijui kulikoni. Watu walizoea kutuona hivyo. Wakinikuta peke yangu waliniuliza mzigo wangu nimeutua wapi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini mie mzigo wangu mwenyewe ndio uliokuwa usufi.

Kisha akaja yule binti.

Alikuwa mpima ardhi, msichana wa bara, mrefu, suruali ina mifuko hadi magotini, na kizibao cha kung'aa juu. Alikuja na wenzake na mashine iliyosimama kwa miguu mitatu. Mtaa ulishtuka, maana kwetu ukiona wapimaji ujue kinachofuata ni alama ya X ya rangi nyekundu ukutani, kisha nyumba chini. Mwenye nyumba wetu alitoka na kaptula ya kulalia kuuliza wanapima nini na kwa ruhusa ya nani. Binti akamwamkia vizuri, akamweleza kwamba hakuna kinachobomolewa. Wanapima vichochoro ili wasioona wajue walipo. Kichwa cha mashine kinazunguka na kurusha mwanga ambao jicho haliuoni. Mwanga ukigonga ukuta unarudi, na kwa kurudi huko mashine inajua ukuta uko umbali gani. Kompyuta itayaunganisha yote. Utatoka mfano wa mtaa wa kushika kwa mikono, na simu itamsemesha mtu sikioni kila anapofika penye ngazi au mtaro.

Ofisi ya serikali ya mtaa iliwaelekeza kwa mume wangu. Aliwauliza maswali mpaka chai ikapoa. Mwanga unapitaje kwenye moshi wa mama lishe? Unajua mlango uliofunguliwa na uliofungwa? Binti akajibu moja moja, na kwa jibu moja mume wangu akacheka kile kicheko chake cha zamani, ambacho sikuwa nimekisikia tangu macho yalipozima. Alimchekea mwanamke mwingine, mbele yangu, na chai nimeipika mimi.

Niliona wivu. Sina neno jingine la kuupaka sukari.

Kesho yake binti akamwomba amwonyeshe njia anayopita kila siku. Mume wangu akanyoosha mkono, na mkono ukatua kwenye bega la kile kizibao. Nilimwachia jirani karai langu la vitumbua likiwa motoni nikawafuata. Lakini kwanza nilirudi ndani kujifunga kanga iliyoandikwa WANGU NI WANGU, TAFUTA WAKO. Kwa mwanamke wa hapa huo ni ujumbe tosha, hata salamu haihitajiki tena. Binti aliitazama kanga yangu juu hadi chini, akaniambia, "Shikamoo mama. Rangi yake nzuri sana hiyo." Wa bara hawa wanaona nguo, maneno hawayaoni.

Basi kila walipotua mashine, nami nilisimama. Binti aliwaambia watu waendelee na shughuli zao, wanaopita hawana neno, kompyuta itawafuta. Mie sikuwa napita. Pale kwenye kona ya karakana nilishika kiuno, nikamkodolea macho yule binti aliyekuwa akienda huku na huku na mkono ule begani mwake, na sikutikisika mpaka kichwa cha mashine kikaacha kuzunguka.

Muda ukapita nikadhani yamekwisha. Halafu binti akarudi, akabandika kwenye kuta za vichochoro vidude vidogo vya kuiambia simu ilipofika, na simu ya mume wangu akaitia sauti ya kumwongoza. Sauti ilikuwa ya binti mwenyewe. Kumbe ndiye aliyerekodi yote, ngazi na mitaro, kwa sauti laini kama anambembeleza mtoto. Asubuhi iliyofuata mume wangu akachukua fimbo nyeupe, akapachika kidude cha kusikilizia sikioni, akaniambia leo nipumzike. Nipumzike na nini? Jirani yangu akanisogelea akaninong'oneza, "Shoga, mwenzio kaondoka na mtu sikioni." Alikuwa anatania, lakini lilinichoma.

Nilimfuata kwa mbali. Nakiri alikwenda vizuri, aliruka mtaro ule mbaya bila kusita, akainama penye bati bila mimi kumwambia inama. Kila alipopatia, mie nilipungua. Nilijua kinachoniondoka. Mwanamume aliyenihitaji ili afike kazini alikuwa anafika bila mimi, na kama hanihitaji kwa hilo, sikujua tena ananitakia nini.

Alipofika kona ya karakana akasita, akapinda kulia, akazunguka mahali peupe pasipo na kitu. Muuza chipsi akacheka. Jioni nikamuuliza alikuwa anakwepa nini. Akasema simu ilimwambia kuna nguzo mbele. Roho yangu ikaburudika. Nikamwambia pale hapana nguzo, hapajawahi kuwa na nguzo, huyo binti yake anamdanganya.

"Mashine haina sababu ya kunidanganya," akasema.

"Na mie ninayo?"

Akaipapasa simu yake, akaitia chaji. Afadhali angenitukana.

Nilishikilia binti aitwe, aje athibitishe mbele za watu. Akaja na ule mfano wa mtaa, wa plastiki nyeupe, upana wa sinia la pilau, akauweka kwenye meza ya karakana. Mume wangu akainua mikono. Vidole vyake ni vya mchongaji, havina haraka. Vilipita vichochoro vyetu vyote, vikashuka ngazi, vikafika kona, na pale vikakuta kijiti kimesimama. Akakizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada, juu, chini, kisha juu tena.

"Nguzo gani hii ina viwiko?" akauliza.

Binti akafungua kompyuta yake, akatafuta ile kona, akaikuza picha. Akajiziba mdomo. Kisha akaigeuza kwangu, na nikajiona. Nilikuwa nimetengenezwa kwa vitone kama vumbi, nimeshika kiuno, kanga imenibana, uso umekunjamana. Wachongaji wakacheka mpaka mmoja akaangusha patasi. Binti akaeleza huku akiona haya kwamba kompyuta hufuta vinavyotembea, na kinachosimama tuli hukihesabu kuwa ni sehemu ya mtaa. Akaniomba radhi. Akasema atanifuta kwenye simu siku hiyo hiyo, na pale kwenye plastiki atanikata kwa wembe.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini mume wangu alikuwa ameshaifunika ile kona kwa kiganja.

"Usimfute."

"Lakini baba, simu itakudanganya. Pale hakuna kitu."

"Yupo," akasema. Kidole gumba chake kilikuwa bado kinapapasa viwiko vyangu. "Nilikuwa nimeanza kusahau anavyosimama akikasirika."

Mie nikashika ncha ya ile kanga nikafuta machozi, na sikujali nani ananiona.

Siku hizi huenda kazini peke yake. Bega langu ni jepesi na siwezi kusema limezoea. Sauti ya yule binti bado siipendi, nikiisikia inavuja kwenye kile kidude hunyanyua sufuria kwa kishindo. Ila meza yangu ya vitumbua nimeihamishia kona ya karakana, na husimama nyuma yake pale pale, ili mtu asiseme simu ya mume wangu inasema uongo. Nikimwona anakuja naacha kuongea na wateja. Simu humwambia kuna nguzo mbele, apite kulia. Hapindi. Huja moja kwa moja, ameshanyoosha mkono, akitafuta kiwiko.