Walivyomnyima Mama Bugali

Mtu wa Butembo umpe wali, umpe viazi vya Lubero, umpe ndizi na paja zima la mbuzi, akitoka kwako atafika kwake na kuuliza jikoni kuna nini, maana tangu asubuhi hajala. Kwetu bugali ndiyo chakula. Vingine vyote ni vya kuchezesha mdomo huku mtu akingoja. Nimesikia watu wa Goma wakituchekea kwa hilo, wao wanaoshiba viazi asubuhi na jioni kisha wanajiita watu wa mjini. Wacheke tu. Mimi sijaona mtu aliyepandisha mlima wa kwetu na mzigo mgongoni kwa nguvu za viazi vya kukaanga.

Na bugali yenyewe si kila tope jeupe lililomwagwa kwenye sahani. Ni ya mihogo, ya unga uliopanda kutoka upande wa Beni, uliokauka vizuri, usio na harufu ya uvundo. Maji yachemke kwelikweli. Unga unatiwa, mwiko unaingia, na mtu anasonga mpaka mabega yamuume. Siku hizi wasichana wanasonga kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu. Inatoka na unga mkavu katikati, halafu wanaipiga picha na kuwatumia wenzao. Sombe, yale majani ya mihogo, nayo haina miujiza. Majani yanatwangwa, yanachemshwa bila kifuniko mpaka ule ukali utoke na mvuke, ndipo yanafuata mafuta ya ngazi, yaani mawese, majani ya kitunguu, mbilingani, na subira. Anayetia bikaboneti ili iive haraka apate kuokoa makaa, huyo hapiki, anafua nguo.

Haya sikuyasoma popote. Niliyaona kwa mama yangu, aliyelisha nyumba ambayo mlango wake haukuwa na desturi ya kufungwa. Ndiyo maana ugonjwa wa sukari ulipomshika, jambo la kwanza watu walilolitazama ni sahani yake.

Mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari. Nilikaa naye kwenye benchi, nikasikia kwa masikio haya haya. Daktari alikuwa kijana mpole, akasema polepole ili mama ashike.

"Mama, bugali utakula, lakini utapunguza. Kama ngumi yako, ni ile. Majani mingi, mafuta kidogo, sukari mu chai hapana. Na hii kinini, unakula kwanza, njo unameza. Siku haukukula, usimeze."

Mama alikunja ngumi yake, akaigeuza huku na huku.

"Ngumi yangu ni mukubwa, docta. Nililima nayo."

Daktari akacheka, mama akacheka, tukarudi nyumbani tukiwa na vidonge na maneno mepesi ambayo hata mtoto angeyashika. Kama mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia.

Wiki hiyo hiyo mama mukubwa alifika. Huyu ni dada mkubwa wa mama, anakaa Beni, komini ya Ruwenzori, na kila mtu wa familia yetu anamwogopa kidogo. Alishuka na mabegi, akafunga kitenge kiunoni, akaingia jikoni, akaanza kuhamisha sufuria. Kwetu dada mkubwa wa mama akishaingia jikoni mwako, wewe umekuwa mgeni. Alikuja kumtunza mdogo wake, na alimpenda, sitadanganya. Lakini kumpenda mtu hakumfanyi mtu asikie vizuri, na kwa daktari yeye hakuwepo.

Sasa lazima niseme desturi yetu ya kuangalia mgonjwa. Mgonjwa haangaliwi kwa mikono mitupu, na anayekuja kumwangalia haondoki kabla hajaacha shauri. Sabuni, unga, kuku, halafu shauri. Na shauri halikataliwi. Ukilikataa, mgonjwa akazidiwa, siku ya matanga utasikia mtu ananong'ona kwenye viti vya nyuma kwamba yeye alisema, hawakutaka kumsikia. Kwa hiyo kila shauri linapokelewa kwa mikono miwili na kushukuriwa. Wenye akili wanapokea, wanashukuru, wageni wakitoka wanasahau. Hivyo ndivyo wagonjwa wa Butembo wamekuwa wakipona miaka yote. Mama mukubwa yeye hakusahau hata shauri moja.

Wakaja akina mama wa kanisa, wamevaa kitenge cha chama chao, wakajaza sebule. Kiongozi wao, mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusimama mbele, alikunywa chai yetu yenye sukari nyingi, akafuta midomo, akasema bugali ya mihogo ni sukari tupu.

"Nilisoma ku telefone," akasema. "Mihogo, ukila, ndani ya mwili inageuka sukari. Donc bugali hapana tena."

Aksanti mama, akasema mama mukubwa. Bugali ikaondoka siku ile. Mwingine akasema viazi pia viachwe, kwa sababu kila kinachokua chini ya udongo kinanyonya sukari ya ardhi. Sijui ardhi ya kwetu ilipewa sukari na nani, lakini viazi navyo vikaondoka. Ndizi zikaondoka kwa kuwa zikiiva zinakuwa tamu. Halafu mzee mmoja wa kanisa, ambaye naamini hajui hata chumvi ya kwake inakaa kwenye kopo gani, akasema chumvi na sukari ni mtu na ndugu yake, ukimfukuza mmoja umfukuze na wa pili. Chumvi ikatoka.

Kaka yangu anayefanya biashara Kampala naye hakutaka kubaki nyuma. Alituma sauti ndefu kwa simu katika kundi la familia, akisema mama anywe maji ya mbegu ya avoka iliyokunwa na kuchemshwa, na asubuhi ale avwani, ile nafaka ya kwenye kopo inayouzwa katika maduka ya matajiri. Kaka huyu hajawahi kuchemsha hata maji ya kuogea. Shangazi wote wakamjibu kwa alama za mikono ya sala.

Ni jirani yetu peke yake, Mwislamu, mke wa msafirishaji wa magari ya Beni, aliyekuja na samaki mbichi wa ziwani. Alimuuliza mama anajisikiaje, akakaa naye, akaaga bila kutuachia somo lolote. Samaki wake alihukumiwa kuwa na mafuta. Wakamla akina mama wale wale wa kanisa, wakalamba na vidole.

Nilisema. Nisionekane kama nilikaa kimya. Nilimwambia mama mukubwa kwamba daktari alisema bugali ipungue, hakusema iishe, na kwamba kinini kinafuata chakula. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyerudi kutoka shule na neno jipya.

"Weye ulisikia docta moja," akasema. "Huku ni kanisa muzima."

Asubuhi nilikwenda sokoni kuuza vitenge vyangu, na nyumbani kazi ikaendelea. Mama aliletewa kabichi iliyochemshwa bila mafuta wala chumvi. Aliletewa avwani ya maji, kitu cha kijivu chenye ladha ya karatasi iliyolowa. Nilionja. Mbuzi wetu angekionja angetuuliza tumemkosea nini. Mama aliangalia sahani, akasema, "Muiweke hapo," kwa adabu ile ile aliyokuwa akiwapokea wageni, na sahani ikakaa hapo mpaka ikapoa. Hakugomba. Alikuwa ameambiwa na watu wa Mungu kwamba chakula chake kinamuua, naye ni mtu anayeamini watu wa Mungu. Lakini kile walichompa badala yake mwili wake haukukijua kuwa chakula, na mama hajawahi kula asichokijua.

Kitenge chake kikaanza kuzunguka kiuno mara mbili. Mashavu yakaingia ndani. Akina mama walipokuja tena walipiga makofi ya furaha, wakasema tazama jinsi mwili umekuwa mwepesi, sukari inamtoka. Kila mara walipoketi waliomba sala ile ile: Bwana, shusha sukari ya mama huyu. Na jambo moja tu la daktari mama mukubwa alilishika bila kosa, nalo ni kinini. Alitega simu ilie saa ya dawa. Chakula kilikosa, kinini hakikukosa.

Ikafika asubuhi moja, nilikuwa nafunga mzigo wangu wa sokoni. Mama alikuwa uani, amekaa kando ya mbabula kuota moto, maana asubuhi za kwetu zina baridi. Nilimwona anatokwa na jasho. Baridi ile, na jasho linatiririka shingoni. Nikamuuliza kuna nini, akanijibu maneno yasiyoshikana, ulimi umekuwa mzito, mikono inatetemeka. Alijaribu kusimama, akaanguka ubavu, sentimeta chache tu kutoka kwenye makaa. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani, akiwa mwepesi kiasi kwamba niliona aibu, na pikipiki ikatupeleka kituo cha afya, mama mukubwa akitufuata kwa ya pili huku anaimba wimbo wa kanisa.

Muuguzi alimtoboa mama kidole, akaangalia mashine yake, akakimbia kuleta chupa ya maji ya sukari. Alipomaliza kutafuta mshipa na maji yakaanza kushuka, alituuliza mgonjwa alikula nini.

"Hakuna kitu mubaya alikula," mama mukubwa akajibu, kifua mbele. "Bugali hapana, chumvi hapana, mafuta hapana. Ata ndizi."

"Na kinini?"

"Kinini kila siku."

Muuguzi akaangalia tena mashine yake. Kisha akasema sukari ya mama ilikuwa imeshuka.

"Imeshuka?" Mama mukubwa akainua mikono yote miwili. "Bwana asifiwe. Njo tuliomba."

"Mama, ikishuka hivi mutu anakufa," muuguzi akasema. "Mulikuwa munamuua na njaa."

Sijawahi kuona mikono ikishuka polepole hivyo. Nisingependa kusema nilimhurumia, kwa sababu saa ile sikumhurumia. Nilikuwa na hasira. Mama yangu, aliyelisha nusu ya mtaa, alilazwa na njaa ndani ya nyumba yenye gunia la unga, akizungukwa na watu wanaomshukuru Mungu jinsi anavyokonda.

Tulimrudisha nyumbani mama alipopata nguvu. Mama mukubwa alikuwa mpole sasa, anakaa pembeni akisafisha maharagi ambayo yalishasafishwa. Mwiko nikauchukua mimi. Na wageni wakaja, wangekosaje. Kiongozi wa akina mama alikaa kwenye kiti kile kile, akapokea chai ile ile, akaanza kusema kwamba amesoma jambo jipya kuhusu vitunguu.

Nikamwambia, "Mama, heshima yako ninaiweka. Lakini mu hii nyumba tulipokea mashauri ya kutosha kuua mutu. Kunywa chai, omba, rudi muzuri."

 Najua walinisema njia nzima mpaka kanisani, na huenda wananisema mpaka leo. Walimaliza chai hata hivyo. Chai ya bure haijawahi kumkasirisha mtu wa kwetu.

Walipoondoka nilisonga bugali kama ngumi ya mama, nikachota sombe, nikampelekea uani alikokuwa ameketi kwenye mkeka juani. Nikamnawisha mikono. Alitazama sahani kwa muda mrefu.

"Njo hii iliniangusha?"

"Hapana, Mama. Ni njaa iliangusha weye. Docta alisema utakula."

Hakunyoosha mkono. Nikaona vidole vyake vimekunjana juu ya mapaja, na nikaelewa kwamba wamemharibu kuliko nilivyodhani. Bugali waliiondoa jikoni, nikairudisha. Lakini hofu waliyoiweka ndani yake sikujua inaondolewa kwa mwiko gani.

"Onja kwanza," akasema.

Kwetu anayempa mtu kinywaji ambacho hakikufunguliwa mbele ya macho yake huonja yeye kwanza, ili mwenzake ajue hakuna sumu. Ni desturi ya watu wasiojuana, au wanaojuana vibaya. Mtoto haonjei mama yake. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuona mama akingoja mtu aonje chakula, yeye aliyekula kwa kila jirani bila kuuliza. Nikakata tonge, nikachovya, nikala. Alikuwa akitazama koo langu. Nilimeza vibaya kwa sababu ya machozi, nikameza tena ili aone vizuri.

Alingoja. Halafu akakata kipande kidogo, akakizungusha kiganjani, akatia shimo kwa kidole gumba, akachota sombe, akapeleka mdomoni. Akatafuna kwa muda, uso umekunjamana.

"Hii sombe," akasema, "uliitoa ku moto mbio. Nani alikufundisha kupika?"

"Ni weye, Mama."

"Mi? Hapana. Mi sikukufundisha hii."

Akavuta sahani karibu yake, akakata tonge lingine, kubwa kuliko la kwanza.