Msamaha wa Muzee Birindwa

Ukikuta mtoto wa mtaa wa Mapendo, pale Goma, anaisoma Baba Yetu polepole pale kwenye kusamehe, bila kuparamia maneno, jua kafundishwa na Muzee Birindwa. "Hapo si pa kukimbia," aliwaambia watoto. "Hapo unamwahidi Mungu."

Alikuja Goma kutoka Kabare, upande wa Bukavu, akiwa kijana wa kutembeza sabuni na chumvi, ukatekista ukamkuta humo humo sokoni. Mwaka 1994, wakimbizi walipojaa mji na kipindupindu kikawafyeka, alipita barabarani akiombea maiti ambao hata majina yao hakuyajua. Mkewe, ambaye sasa ni marehemu, alimkataza, mapadri wakamkataza. Wapi! Muzee alikuwa mbishi. Akishaliamini jambo, humtoi.

Alikuwa na mwana mmoja, Guylain. Huyu alikuwa motari, akibeba watu kwa pikipiki yake mpaka mji wa Kiwanja na kurudi. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2012, vita ilipokuwa ikishuka kuja Goma, alikuwa njiani anarudi. Pale Kibumba, lori la tajiri mmoja wa mjini lilikuwa likikimbia risasi, nalo halikuwa na breki za maana, na tajiri alilijua hilo tangu zamani. Likampanda Guylain kwa nyuma. Aliacha mke, Angèle, na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya.

Kilio kikawekwa chini ya turubai la shitingi mbele ya nyumba. Siku ya pili akaja dereva wa lile lori, Paulin, kijana mwembamba, pamoja na sanduku la kuzikia na gunia la mchele vilivyotumwa na tajiri. Tajiri mwenyewe hakuja. Wanaojua kutuma hawakosi mtu wa kumtuma. Paulin akapiga magoti mbele ya muzee.

Sasa wewe fikiria. Shirika zima la Wakristo wa mtaa liko pale, padri yuko pale, na wale watoto wa katekisimu, watu wazima sasa, wanamtazama mwalimu wao mdomoni. Angesema nini kingine? Alimwinua kijana kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya kanisani, "Mwanangu, mimi na nyumba yangu tumekusamehe. Mambo yameisha." Akina mama wakalia kwa nguvu, na Jumapili padri akalisimulia altareni. Tangu siku hiyo Paulin hakukosa kupita kila wiki kumsalimia. Alimwita papa kama baba yake mzazi, akamjazia mapipa maji.

Vita ilipopoa, Angèle akaambiwa na majirani kwamba lori lilikuwa na bima, na bima hulipa familia ya aliyeuawa: fungu la mjane, fungu la kila mtoto, hata fungu la mzazi kwa uchungu wake. Alikuwa anauza makaa kwa kopo, kodi ya nyumba inamshinda, na mwanawe mkubwa ameshafukuzwa shule. Akatafuta avoka, wakili wa kumtetea. Lakini mtu wa bima akawacheka. Alisema familia ilipokea sanduku na mchele, na muzee akatamka mbele ya watu kwamba mambo yameisha. Mashahidi wamejaa mtaa mzima.

Avoka akamjia muzee nyumbani. "Papa, siku ya tribinali sema hukusamehe. Bila hivyo watoto watakosa."

Muzee aligeuka. Alimtazama Angèle, aliyekuwa anachambua maharage mlangoni.

"Papa, mimi sikukutuma uwasamehe," Angèle akasema, bila kuinua macho. "Sikuulizwa. Ulisema nyumba yako, na nyumba yenyewe ni sisi."

Maneno hayo yalimchoma muzee, maana yalikuwa ya kweli. Wiki nzima alikula kidogo. Alienda kanisani akakaa benchi la nyuma, na kila alipojaribu kusali alifika pale anapowafundisha watoto kwenda polepole, akakwama.

Siku ikafika. Paulin alikuwa kwenye kesi kama shahidi, amevaa shati safi. Hakimu, mama mwenye miwani, akamwita muzee mbele. "Muzee, siku ya kilio mlipokea nini?"

Muzee alikuwa amejiandaa kwa jambo moja tu. "Sikusamehe," akasema. "Huyu kijana nilimwinua, lakini sikumsamehe. Kila anaponishika mkono nasikia lori. Akinijazia maji, natamani yamwagike. Nimemchukia mpaka leo." Alianza ili watoto walipwe, alipofika mwisho alijua kwamba hakusema uongo hata neno moja. Paulin aliinamisha kichwa.

Hakimu akavua miwani. "Pole, muzee. Hilo sikukuuliza. Kusamehe ni kwa moyo wako, na babu hawezi kusamehe haki ya wajukuu wake. Nilitaka kujua kama mlipewa pesa."

"Hapana, mama. Sanduku na gunia la mchele."

"Basi hayo si malipo," akasema hakimu, akaandika. Bima ikaamriwa kulipa: fungu la Angèle mkononi mwake, mafungu ya watoto chini ya ulinzi wake, na baraza la familia likimwangalia. Kumbe neno la muzee halikuhitajika kabisa.

Nje, Paulin alimngoja kwenye ngazi. "Papa, ile ya siku ya kilio ilikuwa ya nini?"

Muzee alitafuta neno la kumtibu nalo, mtu aliyefundisha maneno maisha yake yote, akalikosa. "Ilikuwa ya watu, mwanangu," akasema. "Walikuwa wengi."

Paulin akaitikia kwa kichwa, akateremka ngazi, na wiki iliyofuata hakuja kumsalimia.

Angèle akatoka na avoka, uso umemkunjuka kwa mara ya kwanza tangu awe mjane. "Papa, watoto watalipwa," akasema. Muzee akakaa kwenye ngazi, akalia kwa sauti, akimwita Guylain kwa jina. Tangu mwanawe afe hakuwa amemlilia. Siku ya kilio alikuwa na kazi ya kusamehe.