Gari Lililolala Livonia

Verdell Pettiford alishona viti vya magari kwa miaka ishirini na sita katika kiwanda kimoja cha Detroit, na bado bima ya gari lake mwenyewe ilimtoa jasho. Hilo lilimkera kuliko maumivu ya mgongo. Sheria ya Michigan haina mzaha: huna bima, huendeshi. Na bima hiyo hiyo ndiyo inayokutibu ukiumia barabarani, awe amekosea nani.

Sasa bei yenyewe inategemea unakoishi. Mtaani kwake, upande wa mashariki, penye nyumba mbili nzima na tatu magofu, bima ya mwezi ilimeza mshahara wa wiki. Dada yake Lorena, aliyehamia Livonia, kitongoji cha nje ya jiji, mwendo wa nusu saa tu, alilipa chini ya nusu, na huyo Lorena aliwahi kugonga sanduku lake mwenyewe la barua mara mbili. Wabunge walipobadilisha sheria walitangaza kwa mbwembwe kwamba kupanga bei kwa namba ya posta sasa ni marufuku. Makampuni yakaacha namba ya posta, yakaanza kusema "eneo". Verdell alifungua bili mpya, akaisoma mara mbili, akalia.

Ndipo akafanya walichofanya wenzake wengi kiwandani. Akampigia dada yake.

"Niazime anwani yako."

"Mh! Na wewe unahamia kwa wenye nazo?"

"Gari ndilo linalohamia. Mimi nabaki na panya wangu."

"Lucius anajua?"

"Dada, Lucius humjui? Yule akizidishiwa chenji senti kumi anarudi dukani kwa miguu. Tumwache hivyo hivyo."

Lucius alikuwa mumewe, ndoa ya miaka thelathini na minne, fundi bomba mstaafu, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Basi kwenye makaratasi gari likawa linalala Livonia, na kwa miaka mitatu mambo yakaenda shwari.

Asubuhi moja ya Februari, Verdell akiwa kwenye usukani, lori liliteleza kwenye barafu likaja kuwavaa upande wa Lucius. Verdell alitoka na michubuko. Lucius aliumia uti wa mgongo. Madaktari hawakuficha kitu: akikaa miezi sita katika kituo cha mazoezi ya viungo mikono itarudi, pengine na miguu. Asipokaa, atabaki alivyo. Gharama zote zilikuwa juu ya bima, na Verdell aliposikia hivyo akaikumbuka anwani ya Lorena.

Wiki ya tatu akaja kituoni kijana wa kampuni ya bima. Verdell alikuwa ameshuka kununua kahawa, na aliporudi alisikia sauti ya mumewe tangu koridoni. Siku ile Lucius alikuwa amepata mgeni, raha iliyoje.

"Baridi ya mwaka huu imetuadhibu, mzee," kijana alikuwa anasema.

"Imekuadhibu wewe, mtoto wa mama. Mimi kila alfajiri natoka na beleshi, nafukua gari la mke wangu, nakwangua kioo, naliwasha lipate joto. Tangu nimuoe hajakalia kiti cha baridi."

"Kila siku?"

"Hata Krismasi!"

"Na hapo ni wapi, mzee?"

"Sasa wapi tena? Mbele ya nyumba yetu, Mtaa wa Lakewood. Wewe unafukua theluji ya watu baki?" Lucius akacheka mpaka akakohoa.

Verdell alisimama mlangoni na vikombe viwili. Kijana aliandika, akamtakia mzee nafuu, akapita pembeni yake bila kumtazama usoni.

Barua ilifika baada ya siku tisa. Kwa kuwa anwani ilikuwa ya uongo, bima imefutwa kana kwamba haikuwahi kuwapo. Ndani yake palikuwa na hundi, malipo yake yote ya miaka mitatu amerudishiwa. Kituo cha mazoezi kikamtoa Lucius wiki hiyo hiyo. Msaada wa serikali ukawapa kitanda cha hospitali na muuguzi wa mara moja kwa wiki. Verdell akaacha kazi amuuguze, na mikono ya Lucius ikaanza kujikunja.

Kila mgeni aliyekuja alimkuta Lucius akiwalaani watu wa bima. Verdell aliwaletea wageni chai. Hata siku moja ya Mei, Verdell akimlisha uji wa mahindi, Lucius akauliza kwa upole:

"Verdell, yule kijana nilimkosea adabu? Nilisema nini?"

Akaweka kijiko chini, akamweleza yote, kuanzia simu ya Lorena. Alitaka afokewe. Alikuwa na haki ya kufokewa.



"Ungeniambia," Lucius alisema.

"Ungekataa."

"Ningekataa. Tungenuniana wiki nzima, halafu ningekubali. Na yule kijana angekuja, ningemwambia gari linalala Livonia. Kwa ajili yako ningedanganya, bibie. Hukuniomba tu."

Machozi yakamshuka mpaka masikioni, naye hakuweza kuinua mkono ayafute. Verdell akachukua kitambaa cha uji, akamfuta.