Ulezi wa Mke Mwenzangu

Miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na malori ya Mbeya yakaanza kufuata viazi mpaka kwetu Kyimo, watu waling'oa ulezi wakapanda viazi. Mama mkwe wangu aligoma. Binti yake wa mwisho, alisema, haolewi kwa bia za kreti. Ataolewa kwa kimpumu, pombe yetu ya ulezi inayonyonywa kwa mirija. Akatuagiza wakaza mwana wake wawili, mimi na mke wa shemeji yangu, ambaye kwetu namwita mke mwenzangu, kila mmoja alime kipande chake.

"Ulio bora nitauona mwenyewe," alisema.

Ulezi mchanga hauna tofauti na majani ya porini, palizi yake ni ya kupiga magoti. Mimi nilipiga. Mke mwenzangu alipalilia huku anapiga soga, na akicheka, mama mkwe naye anacheka. Mimi nilikuwa sijawahi kumchekesha yule mama hata siku moja. Nikajipa moyo kwamba chema chajiuza.

Tulipovuna, mama mkwe alipukusa masuke machache, akatafuna punje za huku na za kule, akaguna. Kisha akaloweka ulezi wa mwenzangu na kuufunika kwa majani ya mgomba uchipue, uwe kimea. Wangu aliingia nao ndani, sikuuona tena. Kimea kilipokauka, nani aliitwa kukisaga? Mimi. Nilisaga roho inaniuma, namwombea pombe yake iharibike.

Haikuharibika. Siku ya harusi wazee walivuta mirija, wakauliza ulezi huu kaulima nani. Mke mwenzangu akainamisha kichwa kwa haya ambayo hajawahi kuwa nayo. Nikamfuata mama mkwe jikoni.

"Mama, wangu ulikuwa na kasoro gani?"

Akanyoosha kidole juu ya mafiga. Masuke yangu yalining'inia darini, meusi kwa moshi, hata moja halijapukuswa.

"Ndaga, asante, mwanangu. Mbegu njema nani anainywa?"

Nilitoka pale nacheza. Nilicheza mpaka mume wangu akaniuliza kama nimelewa, na kila nilipompita mke mwenzangu nilizidisha kiuno.

Mvua zilipokaribia, mama mkwe alituita wote wawili. Akashusha masuke yangu, akapukusa, akapepeta, akagawa: kibaba kwangu, kibaba kwa mwenzangu. Mwenzangu akacheka, mama mkwe naye akacheka, na mimi nikasimama naangalia mbegu yangu ikifungwa kwenye pindo la kitenge cha mke mwenzangu.