Hita ya Jiwe na Vifaranga wa Kisaju

Siku yangu ya kwanza kazini Kitengela, Fundi Mkuu alinionyesha kijiwe bapa kama biskuti, akakiunganisha na umeme. Nilikuwa nimetoka Magadi, na huko joto halitafuti fundi. Wacha hiyo.

"Usishike, wewe! Sogeza kiganja tu."

Kikapata moto, kisha kikatulia. Hita ya waya huendelea kuwaka hata ikifunikwa, mpaka ikatike au ichome nyumba. Hili jiwe likishiba joto linajibania umeme lenyewe. Mimi niliachia shule darasa la nne, lakini hiyo niliishika.

Tulikuwa tunatengeneza hita za kulea vifaranga. Moja tulimpelekea Mama Naserian, Kisaju. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wake wote, akabaki na matumaini ya kuku. Haikupita wiki akapiga simu: vifaranga wamerundikana, wanalia, wengine wamekufa.

Tukaenda mbio.

"Takwenya," Fundi Mkuu akamsalimu. Mkamba huyo, lakini Kimaa cha salamu alikuwa nacho.

"Iko. Hita yenu ni baridi kama mama mkwe."

Tukachungulia. Hita ilikuwa imevishwa magunia, vile watu hufukia makaa kwa jivu ili yalale na moto.

"Mama, nani ameivisha koti?"

"Mimi. Si nilikuwa nafungia joto lisipotee?"

"Hili jiwe ukilifungia, linadhani kazi imeisha, linabana umeme. Lichukulie joto, litaleta lingine."

Mama akafikiria. "Kama ng'ombe. Usipomkamua, anakauka."

"Haswa!" Fundi Mkuu akacheka. "Na mimi naeleza mwaka mzima!"

Tukatoa magunia. Ili jiwe lichukuliwe joto vizuri zaidi, hapo hapo tukasugua bamba la alumini tulilokuja nalo likawa laini, tukapaka mafuta mazito ya kupitisha joto, maana hata hewa kidogo katikati ni blanketi. Tukabana jiwe juu yake kwa skrubu. Upande wa pili wa bamba tukafunga mabawa membamba ya alumini, yamwage joto kwa upana.

Tukangoja. Pole pole lile rundo likafunguka, kifaranga mmoja mmoja, wakatawanyika kwenye maranda, wakaanza kudonoa. Mama akakaa chini, akafunika uso na shuka yake.

Siku hizi nimepumzika, magoti ndiyo yanaamua kama natoka nyumbani. Fundi Mkuu alirudi kwao, Mungu ampe miaka. Watu huniuliza kazi ilinipa nini. Mimi nashukuru tu: nilikuwa Kisaju vile wale vifaranga waliacha kulia.