Uji Kabla ya Upasuaji

Mbwa wetu alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari wa mifugo mjini Embu aliagiza asile chochote usiku wa kuamkia upasuaji, nami nikamfungia stoo. Asubuhi nilimkuta mama akimnywesha uji.

"Mama, si nilisema asile?"

"Hakuna anayetoka boma hili kwenda hospitali na njaa. Hata wewe sikukupeleka hivyo."

Daktari alikataa kumpasua, kwa kuwa mbwa angeweza kutapika akiwa usingizini na kupaliwa. Akatupa siku nyingine. Nyumbani nilimwambia mama kwamba daktari alikuwa na kazi nyingi.

Siku hiyo haikufika. Uvimbe ulipasukia ndani, mbwa akafa.

"Huyo daktari wako angemshughulikia siku ile," mama alisema tukimfukia, "angekuwa hai."

Nikasema ni kweli.