Tracksuit niliyoikataa nusura imkoseshe binti yangu chuo

Wakuu, salamu kutoka Joburg. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, si ya jirani. Chumvi nitatia kwenye vipimo tu, matukio nayaacha yalivyo.

Kuna kipindi niliamini kabisa kwamba huku Afrika Kusini mwanafunzi mwanamichezo akivaa tracksuit ya chuo, hata kwa kuijaribu tu, anakuwa mali ya chuo hicho miaka kumi. Jina linaingia kwenye kompyuta, na vyuo vingine haviruhusiwi hata kumsalimia.

Msicheke. Nina matric, cheti cha kumaliza sekondari huku, ya shule ya jioni; niliipata nikiwa na miaka arobaini na moja. Na bado niliamini.

Aliyeniambia ni Papa Kasongo, Mkongo ninayelinda naye jengo moja Marshalltown. Mtu makini, mzee wa kanisa. Alisema, "Vieux, mzee wangu, usipokee kitu yao. Ukipokea, umeshatoa mutoto."

Iliniingia akilini moja kwa moja. Kwetu Tabora mshenga akileta kitu na mzazi akakipokea, mmekubali. Nikajua kumbe vyuo navyo vina posa yao.

Sasa binti yangu Zawadi anakimbia mita mia nne. Huyu mtoto akipita barabarani, robot, taa za barabarani za huku, inaogopa kuwaka nyekundu.

Mwaka wake wa mwisho wa sekondari vyuo viwili vikamtaka, vyote kwa bursary, yaani kumlipia masomo.

Kimoja kikubwa, uwanja wake ungeweza kuimeza Bertrams yote tunapoishi na nafasi ikabaki. Cha pili kidogo, majengo ya kawaida tu.

Mimi nilishachagua kikubwa.

Zawadi aliwaandikia wote swali moja: nikiumia nisiweze kukimbia, bursary inaendelea au inakatwa? Kikubwa kikamtumia picha za uwanja. Kidogo kikamjibu kwa maandishi kuwa inaendelea mpaka amalize masomo. Tena kina fiziotherapia, kozi anayoitaka tangu alipoumia goti akiwa grade ten.

Mnaiona tofauti? Mimi sikuiona.

Kocha wa chuo kidogo, mama mmoja mpole, akaja nyumbani na tracksuit imekunjwa vizuri. Akanipa. Nikaficha mikono nyuma kama mtu aliyefungwa pingu, nikamwambia familia haijakaa. Zawadi alipotaka kuipokea yeye, nikampiga jicho la kuzima jiko.

Kocha akaaga, akaondoka nayo.

Siku tatu baadaye ikaja email: kwa kuwa familia haikuonyesha nia, Ijumaa nafasi itapewa mwingine.

Zawadi hakulia. Huyu Kiswahili huwa anakisikia tu, anajibu Kiingereza. Siku hiyo alijibu kwa Kiswahili.

"Baba, wewe umekataa nguo. Mimi ndiyo nakosa chuo."

Eish. Nikashika simu, nikampigia kocha.

Kabla sijawaambia alichonijibu, niseme hivi kwa wazazi wenzangu. Mtoto akiwa na maswali yake, mwacheni aulize. Kozi gani, kocha ni mtu wa namna gani, na siku mguu ukigoma nani atabaki naye. Uwanja mkubwa ni raha ya watazamaji. Zawadi yuko mwaka wa pili chuo alichokitaka, na goti lilishamsumbua tena msimu mzima. Masomo hayakusimama hata siku moja.

Wenye watoto wanaotakwa na vyuo, tiririkeni hapo chini, hata kama ni ya aibu. Ya kwangu mmeshayaona.

Basi, kocha alinisikiliza mpaka mwisho: posa, kompyuta, miaka kumi, yote. Kisha akasema:

"Baba, tracksuit tunampa kila mtoto tunayemtembelea, kwa sababu asubuhi uwanjani kuna baridi. Kinachofunga ni fomu, na anayechagua ni Zawadi. Leo ni Jumatano. Mpe simu."